Flashi ya redio ya kutumia mbali na kamera: mapitio ya Godox na Yongnuo

Mpiga picha anayetaka kuishusha flashi kutoka juu ya kamera na kuisimamisha pembeni ya anayempiga picha huanza kwa kuuliza bei, kisha nguvu, na mara nyingi hukamilisha ununuzi bila kuuliza jambo lenye uzito zaidi, yaani flashi hiyo itawasiliana na kamera kwa njia gani, na vifaa atakavyoviongeza baadaye vitaelewana nayo au vitabaki kama vipofu mbele yake. Mapitio haya yanahusu flashi ndogo zinazotengenezwa na kampuni zisizotengeneza kamera, hasa Godox na Yongnuo za China, ambazo zina kipokezi cha redio ndani yake na hivyo hazihitaji kifaa kingine cha kubandikwa chini. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea: chagua kwanza mfumo wa redio, kisha ndani ya mfumo huo chagua flashi.

Kampuni za kamera zenyewe zilichelewa kufika huku. Canon ilitoa flashi yake ya kwanza yenye redio ndani, 600EX-RT, mwaka 2012, na Nikon ikafuata na SB-5000 mwaka 2016, tena ikihitaji kifaa kidogo cha ziada kiitwacho WR-R10 ili ipokee amri kwa redio. Kabla ya hapo flashi ya mbali iliamrishwa kwa mwanga: flashi iliyo juu ya kamera hutoa mimweko midogo au miale ya infraredi, na kihisi cha flashi ya mbali huisoma. Ndani ya chumba kidogo chenye kuta nyeupe njia hiyo hufanya kazi bila matata, kwa sababu mwanga hurudi kutoka kila upande. Nje kwenye jua kali miale humezwa, na flashi iliyofichwa nyuma ya nguzo au iliyofungiwa ndani ya sofboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) haioni chochote. Mawimbi ya redio hayajali jua wala kona, na pengo hilo ndilo lililojazwa na kampuni za pembeni kwa bei ambazo wengi waliweza kuzimudu. Flashi nyingi za aina hii bado zina uwezo wa zamani wa kuwashwa na mwanga wa flashi nyingine, katika modi za S1 na S2, na tofauti yake ni kwamba S2 huupuuza mmweko wa awali wa TTL (mfumo wa kamera kujipimia nguvu ya flashi) ilhali S1 huwaka nao. Ni njia nzuri ya akiba, lakini mtu asiitegemee.

Mfumo wa Godox uitwao X hutumia masafa ya GHz 2.4, una chaneli 32, huzigawa flashi katika makundi ya A hadi E, na kwa maelezo ya kampuni hufika mita 100. Canon kwa redio yake inataja mita 30. Tarakimu hizo zisimtishe wala zisimvutie mtu kupita kiasi, kwa kuwa ni nadra sana flashi ndogo ikawekwa zaidi ya mita kumi kutoka kwa mpiga picha. Faida ya kweli ya masafa ya GHz 2.4 ni kwamba yanaruhusiwa karibu kila mahali duniani bila leseni, hivyo kifaa kilichonunuliwa nchi moja hufanya kazi katika nchi nyingine, jambo ambalo halikuwa hakika kwa triga (vifaa vya kukaa juu ya kamera na kuiamrisha flashi) za zamani za PocketWizard, zilizokuwa na masafa tofauti kwa Marekani na kwa Ulaya. Hasara yake ni kwamba masafa hayo hayo hutumiwa na Wi-Fi na Bluetooth, na kwamba hunyonywa na maji, ukiwemo mwili wa binadamu. Katika ukumbi uliojaa watu wenye simu, chaneli moja inaweza kukatikakatika huku nyingine ikiwa shwari. Triga nzuri za Godox zina kipengele cha kutafuta chaneli iliyo tupu, kinachoandikwa SCAN kwenye menyu, na sielewi ni kwa nini watu wengi hawakigusi.

Kuna jambo jingine ndani ya menyu hiyo ambalo nalitaja kwa sababu husababisha flashi nzima kushukiwa ubovu. Triga ya Godox iitwayo XPro ina mpangilio wa umbali wenye chaguo mbili, mita 1 hadi 100 na mita 0 hadi 30. Flashi ikiwa karibu mno na kamera, kwa mfano pale mpiga picha anapoishika kwa mkono wa kushoto huku kamera iko mkono wa kulia, mawimbi huwa na nguvu kupita kiasi kwa kipokezi kilicho jirani, na flashi inaweza kukosa kuwaka hapa na pale bila mpangilio unaoeleweka. Ukibadilisha kwenda mita 0 hadi 30, tatizo hutulia. Anayepiga picha za bidhaa mezani au za chakula, ambapo kila kitu kiko ndani ya urefu wa mkono, aufanye mpangilio huo siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye sababu kubwa inayonifanya niuweke mfumo wa Godox mbele. Flashi zake huuzwa zikiwa na herufi mwishoni mwa jina: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Herufi hiyo ina maana pale tu flashi inapochomekwa juu ya kamera. Ikiwa kwenye stendi ikipokea amri kwa redio, flashi yenye herufi C huitikia triga ya Sony au ya Nikon bila ubishi, pamoja na TTL na kasi kubwa za shata (HSS, nitakayoieleza mbele). Kinacholazimika kulingana na kamera ni triga peke yake. Maana yake ni kwamba mpiga picha anayehama kutoka kampuni moja ya kamera kwenda nyingine hubadilisha kifaa kimoja kidogo tu, na flashi zake zote husalia kazini. Vilevile wapiga picha wawili wenye kamera tofauti wanaweza kuazimana flashi kazini. Ninaiona faida hii kuwa kubwa kuliko tofauti yoyote ya nguvu au ya umbo kati ya flashi moja na nyingine.

Yongnuo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jina la kwanza kutajwa mtu alipouliza flashi ya bei nafuu, haina umoja huo. Flashi zake za YN560 III na YN560 IV huelewa triga za RF-602 na RF-603, ambazo ni za kuwasha tu, na huweza kurekebishwa nguvu kutoka mbali kwa kutumia YN560-TX. Safu ya YN622 hutumia lugha nyingine ya redio yenye TTL. YN600EX-RT nayo huzungumza lugha ya redio ya Canon yenyewe. Baadhi ya flashi zake huelewa lugha zaidi ya moja, lakini mnunuzi lazima asome maelezo kwa makini kabla ya kulipa, na akinunua flashi ya pili kwa kuangalia jina la kampuni peke yake anaweza kujikuta na flashi mbili zisizosikilizana. YN560 IV bado ni flashi ninayoiheshimu: ni imara, menyu yake haina makorokoro, na inaweza yenyewe kukaa juu ya kamera na kuziamrisha nyingine bila triga. Haina TTL wala kasi kubwa za shata, na kwa anayepiga ndani ya studio pekee hilo si upungufu. Kwa anayeanza leo, hata hivyo, naiona kama njia iliyofika mwisho wake, kwa sababu ukihitaji kupanda ngazi itakubidi uhame mfumo mzima.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, wenye kamera ndogo za Canon wawe macho. Canon iliondoa pini ya katikati kwenye kichomekeo cha juu cha kamera kadhaa za bei ya chini, zikiwemo EOS 2000D, EOS 4000D na EOS 250D. Pini hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha flashi yoyote duniani bila kuuliza imetengenezwa na nani. Triga rahisi zinazotegemea pini moja haziwezi kufanya kazi kabisa kwenye kamera hizo, hata ziwe mpya kiasi gani, na mwenye kamera hiyo ahakikishe kuwa triga anayoinunua imetajwa wazi kuwa inakubaliana nayo.

Kuhusu nguvu, tarakimu inayochapishwa kwenye boksi huitwa namba ya mwongozo, nayo ni zao la umbali kwa namba ya tundu la lenzi katika ISO 100. Flashi yenye namba 60 kwa mita, lenzi ikiwa f/8, ingefikisha mwanga wa kutosha umbali wa mita 7.5. Tatizo ni kwamba namba hiyo hupimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi mwisho wa zumu, pale mwanga unapobanwa kuwa mwembamba kabisa, na mwisho wa zumu haulingani kati ya flashi moja na nyingine. Godox TT600 inatajwa kuwa na 60 katika milimita 200. YN560 IV inatajwa kuwa na 58 katika milimita 105. Anayesoma haraka atasema ya kwanza ina nguvu zaidi, ilhali ya pili imefikia 58 bila kuubana mwanga kiasi kile, na tarakimu hizo mbili haziwezi kulinganishwa hata kidogo. Isitoshe, mara tu flashi inapoelekezwa ndani ya mwavuli au sofboksi, hesabu ya zumu hupotea yote, na stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) huenda nayo. Ndiyo maana huwa siipi namba ya mwongozo uzito wowote ninapolinganisha flashi za ukubwa huu; tofauti zao katika matumizi ni ndogo kuliko tofauti ya kusogeza stendi hatua moja mbele, kwa kuwa umbali ukipungua nusu mwanga huongezeka mara nne.

Kipimo cha haki zaidi ni nishati kwa wati-sekunde. Godox V1, yenye kichwa cha duara, ina wati-sekunde 76, na AD200Pro, ambayo ni kisanduku kisichokaa juu ya kamera, ina 200. Hiyo ni tofauti ya karibu stopu moja na nusu, na juani stopu moja na nusu huonekana.

Jua ndilo linaloleta suala la kasi kubwa za shata, linaloandikwa HSS. Kamera nyingi haziwezi kusawazisha flashi ya kawaida na shata zaidi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, kwa sababu juu ya hapo pazia la pili la shata huanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na picha hutoka na ukanda mweusi. Kanuni ya zamani ya jua kali husema kwamba katika ISO 100 picha hukaa sawa kwa f/16 na 1/100. Anayetaka mandharinyuma yenye ukungu kwa f/2.8 amefungua lenzi stopu tano, hivyo shata yake lazima ipande hadi 1/3200. Hapo HSS huingia: flashi hutoa mfululizo wa mimweko midogo ya haraka mno inayofunika muda wote ambao ufa wa shata unapita mbele ya kihisi. Gharama yake ni nguvu, kwani stopu mbili au zaidi hupotea, na flashi ndogo moja ndani ya sofboksi saa sita mchana hushindwa kabisa kupambana na jua. Kwa kazi ya namna hiyo napendekeza AD200Pro moja badala ya flashi ndogo mbili, hata kama mbili zinaonekana nyingi zaidi machoni.

TTL, yaani kamera kupima mmweko wa awali na kujiamulia nguvu, ni kitu ambacho anayetumia flashi mbali na kamera anakihitaji kwa nadra kuliko anavyodhani. Stendi ikishasimama na anayepigwa picha akawa hasogei sana, umbali kati ya flashi na uso wake haubadiliki, na nguvu iliyowekwa kwa mkono hutoa matokeo yale yale kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. TTL hubadilisha mawazo kila mtu mwenye shati jeupe anapoingia kwenye fremu. Inafaa pale flashi inapobebwa na msaidizi anayetembea, au katika sherehe ambapo hakuna nafasi ya kujaribu. XPro ina kitufe cha TCM kinachochukua nguvu iliyochaguliwa na TTL na kuigeuza kuwa ya mkono, na huo ni mwafaka mzuri: piga mara moja, bonyeza, kisha rekebisha mwenyewe.

Kuitumia triga hiyo kunahitaji dakika chache kuzoea. Kioo chake ni kikubwa, na upande wa kushoto kuna vitufe vitano, kila kundi na kitufe chake. Unabonyeza B, mstari wa B unang'aa, unazungusha gurudumu na kuona 1/16 ikipanda hadi 1/8 bila kuondoka ulipo wala kupanda kwenye kiti kuifikia flashi iliyo juu ya stendi. Nilichokikosa kwenye XPro ni kichomekeo cha juu cha kuweka flashi nyingine. Triga za X1T na X2T zinacho, ila vioo vyao ni vidogo.

Kwa flashi zenyewe, TT600 ndiyo ninayoiona kuwa mwanzo sahihi. Haina TTL, huanzia nguvu kamili hadi 1/128, hutumia betri nne za AA, na ina sifa moja isiyotangazwa vya kutosha: ikiwa mbali na kamera ikipokea amri kwa redio, hufanya HSS, ingawa ikiwa juu ya kamera haifanyi. Imetengenezwa, kwa kweli, kukaa kwenye stendi. TT685 II inaongeza TTL kwa wanaoihitaji. V860 III ina karibu uwezo huo huo wa TT685 II, lakini betri yake ni ya lithiamu, na tofauti hiyo huonekana kwenye tarakimu za kampuni yenyewe: kujichaji baada ya mmweko wa nguvu kamili huchukua sekunde 1.5, dhidi ya sekunde 2.6 za TT685, na chaji moja hutoa mimweko 480 ya nguvu kamili, dhidi ya takriban 230. V1 inatumia betri hiyo hiyo ya V860 III, na kichwa chake cha duara kinasifiwa mno. Mwanga wake wa moja kwa moja hufifia pembezoni kwa upole kuliko wa kichwa cha mraba, hilo ni kweli, lakini ukiisukuma ndani ya mwavuli hakuna jicho litakalotambua umbo la kichwa. Vifaa vyake vya sumaku ni vya kupendeza. Viwe sababu ya kuinunua kwa anayetumia flashi tupu tu.

Anayechagua betri za AA asihangaike na alkalini. Betri za NiMH, zinazochajiwa upya, kama Eneloop zilizoanzishwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa kuuzwa na Panasonic, zina volti 1.2 tu kwenye karatasi, ila huachilia umeme kwa wepesi zaidi, na flashi hujichaji haraka nazo. Zipangwe katika seti za nne zisizochanganywa, kwa kuwa betri moja dhaifu huzivuta chini nyingine tatu. Kwa kazi ya studio isiyo na haraka, ambapo flashi hukaa kwenye 1/8 au 1/4, sioni haja ya kulipia lithiamu.

Flashi ikishafika mkononi, ipimwe mapema, muda wa kuirudisha ukiwa bado upo. Ielekeze kwenye ukuta mweupe katika chumba chenye giza, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, funga mizani ya rangi isijirekebishe, kisha piga mfululizo wa picha kwa nguvu ya 1/2, na nyingine kwa 1/64. Ziangalie kwa pamoja kwenye skrini ya kompyuta. Tofauti ndogo ya rangi kati ya nguvu kubwa na ndogo ni ya kawaida kwa flashi hizi, lakini picha moja katikati ya mfululizo ikitoka nyeusi au kuwa na giza kuliko jirani zake, jaribu betri nyingine na chaneli nyingine, na tatizo likibaki irudishe. Halafu nenda nayo mbali, igeuzie mgongo ili mwili wako uwe kati ya triga na flashi, na uone kama inaitikia kila mara.

Kiungo dhaifu cha flashi zote hizi ni mguu wake wa chini, unaoshikilia uzito wote pale inapofungwa kwenye stendi ikiwa na sofboksi mbele. Upepo ukiiangusha, mguu ndio huvunjika. Godox hutengeneza kishikilio cha aina ya S kinachoikumbatia flashi shingoni na kubeba sofboksi zenye mlango wa Bowens (aina ya kifungio cha vifaa vya studio), hivyo mguu haubebi chochote na kioo cha nyuma hubaki kikionekana. Toleo la pili, S2, linapokea pia V1 na AD200Pro, na ndilo la kununua hata na mwenye TT600 peke yake. Chini ya stendi, mfuko wa mchanga.